Mwenye Nambari Aje Mwenyewe

Kabla hujagusa mashine yake, alikuuliza kama umenawa mikono. Haikujalisha wewe ni nani. Mlangoni kulikuwa na beseni, kipande cha sabuni ya kufulia, na taulo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulikuta kavu. Siku moja mzee aliyekuwa chifu zamani, mtu ambaye wengine bado walimwinukia akipita, alirudishwa kwenye beseni mara ya pili kwa sababu Mwalimu aliona udongo wa viazi chini ya kucha zake. Mzee alirudi, akanawa, akinung'unika kwa Kikuyu kwamba hata alipolazwa hospitalini hakusumbuliwa hivyo. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tuliangalia viatu vyetu tusije tukacheka.

Tulimwita Mwalimu tu. Ni mwanamke mwenye jina lake, na watu wa kwao wanalijua, lakini hapa halina kazi. Zamani alifundisha wasichana kupiga taipu, na taipu zilipokufa akanunua kompyuta kuukuu, akafungua saiba, chumba cha kompyuta za kulipia, mjini Nyeri, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Wahindi. Chumba cha pili kilikuwa changu. Mimi nafuma sweta za shule. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hivyo kwa miaka mingi nilisikia kila neno alilofundisha, nikipenda nisipende, mashine yangu ikikwaruza huku na sauti yake ikikwaruza kule. Anayetaka kusikia sifa zake tu, awaulize watu wengine. Mimi niko na sifa zake na niko na uchungu naye, na sijui kuzitenganisha hizo mbili.

Alikuwa na ubao mweusi. Kila Jumatatu aliandika neno moja juu yake, na mtu yeyote aliyepanda ngazi wiki hiyo, awe amekuja kuchapisha barua ya kazi au kuombea mtoto nafasi ya chuo, lazima angeulizwa hilo neno ni nini kabla ya kuhudumiwa. Hakutaka ulikariri. Ukisema ulivyosikia redioni alikunyamazisha. Alitaka useme kwa kitu unachokijua, kitu kilicho nyumbani kwako. Alikuwa akisema kwamba neno ambalo huwezi kulieleza jikoni kwako si lako, umeliazima, na mwenyewe atakuja kulichukua.

Seva, kwa mfano, ilikuwa ni mzee Mhindi wa chini. Mwalimu alieleza hivi: wewe huingii kwenye stoo ya mzee. Unasimama kwenye kaunta, unasema unataka misumari, yeye anakwenda nyuma anakuletea. Watu wakiwa wengi, anachelewa. Akiwa amefunga duka, unaweza kupiga kelele mpaka jioni na hupati hata msumari mmoja. Basi unaposikia ati seva iko chini, ujue mzee amefunga. Na kile kidirisha unachokitazama kwenye kompyuta, kile watu wanaita brauza, si duka lenyewe. Hiyo ni kaunta tu ya kuulizia. Maelezo hayo yalienea mpaka wamama wa sokoni wakaanza kumwita yule mzee Seva. Alipanda ngazi siku moja, akihema, kuja kuuliza ni tusi gani hilo. Mwalimu alimnawisha mikono, akamketisha, akamweleza. Mzee akasema kwa Kiswahili chake safi cha kaunta kwamba kama ni hivyo, basi yeye amekuwa seva tangu enzi za baba yake na hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo alikuwa hamdai Mwalimu kodi kwa ukali, mimi alinidai vile vile.

Kumbukumbu ya kompyuta aliigawa mara mbili, meza na ghala. Meza ni pale unapokatia sukuma na kumenyea viazi. Ni ndogo, na ukimaliza kazi inapanguswa. Ghala ndipo unapoweka mahindi ya kula mwezi ujao. Kuhifadhi ni kutoa kitu mezani ukapeleka ghalani kabla taa hazijazima, maana taa zikizima meza inapanguswa yenyewe, hata kama hukumaliza. Na taa za Nyeri unazijua. Kuna mjane alikuwa akiandika wasifu wa marehemu mumewe wa kusomwa kwenye mazishi. Aliandika asubuhi nzima, kidole kimoja kimoja, machozi yakimtoka. Umeme ukapotea. Hakuwa amehifadhi hata mstari. Ungedhani Mwalimu angemhurumia. Alimwambia, mbele ya watu wote, kwamba aliambiwa na hakusikia. Yule mama alilia kilio ambacho hata mimi kule kwa ukuta nilisimamisha mashine. Umeme uliporudi, Mwalimu aliketi mwenyewe, akamwambia aseme, na akauandika wasifu wote upya bila kuangalia vidole, akimuuliza polepole marehemu alipenda nini, alicheka vipi. Ulitoka mzuri kuliko ule wa kwanza, mjane mwenyewe alisema. Na alipokuwa akiondoka na karatasi zake, Mwalimu akamkaripia tena kuhusu kuhifadhi. Ndivyo alivyokuwa. Mkono mmoja ukikupa, mwingine unakufinya.

Vitambaa pia. Kila kompyuta ilifunikwa kwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, kama vile viti vya sebuleni kwa mtu aliyeokoka. Ngurumo ikisikika upande wa msitu, alichomoa kila waya ukutani, mtu awe katikati ya neno au la. Rula yake ya mbao ilitembea juu ya vidole vya watu wazima. Alihubiri subira na hakuwa nayo. Alifundisha watu kutuma barua na hakuandikia mtu barua. Na jambo hili lilinichekesha miaka yote, ingawa sasa halinichekeshi: simu yake ilikuwa mulika mwizi, ile ndogo ya kubonyeza, yenye tochi. Wanafunzi wake wakaja kuwa na simu za kioo zenye kila kitu, yeye akabaki na ile. Alisema simu ya kioo ni dirisha, na hajaona mwenye akili anayetembea na dirisha mfukoni. Mganga hajigangi, nilimwambia. Akasema mganga anayejiganga ni yule aliye mgonjwa.

Neno alilolipenda zaidi ni wingu. Watu walikuwa wakiliogopa, wengine wakidhani ni mambo ya freemason. Aliwaambia wingu haliko mbinguni. Ni ghala la mtu mwingine, mbali sana, limejengwa chini kama ghala lingine lolote, lina mlango na kufuli, na wewe umepewa rafu yako humo. Simu yako ikiibwa, ikianguka chooni, vitu vyako viko salama kwenye rafu. Halafu aliwapeleka dirishani. Ilikuwa Julai, nakumbuka kwa sababu baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye uzi wangu, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya mji siku nyingi. Aliwauliza, Mlima uko wapi? Wakaonyesha kule unakokuwa. Akauliza, mnauona? Wakasema hapana. Akauliza, umeenda? Wakacheka. Akawaambia basi kilichoko wingu ni hivyo, hukioni lakini kiko, hakijaenda mahali. Mdogo wangu Nyokabi alikuwa kwenye darasa hilo. Alirudi kwangu upande huu wa ukuta akinirudia maneno hayo, akiiga hata jinsi Mwalimu alivyokuwa akikunja shingo.

Sasa nambari. Nisipoeleza hili vizuri hamtaelewa chochote.

Siku zile watu walikuwa wanaibiwa kwa simu. Mtu anapigiwa na sauti tamu, anaambiwa kuna ujumbe wenye nambari umeingia kwenye simu yake kwa makosa, aisome tu. Akiisoma, amekwisha. Nambari hiyo ndiyo ufunguo. Ukitaka kuingia kwenye akaunti yako kwa mashine ngeni, mwenye ghala anatuma nambari kwenye simu yako, ili ajue ni wewe kweli na si mwizi. Mwalimu alilichukia jambo hili la wizi kama mtu aliyeibiwa yeye mwenyewe. Kila darasa alilimaliza kwa njia moja. Alisimama mbele, akainua rula, akauliza:

"Nambari ikija, nani anaijua?"

Na wote, wazee kwa vijana, walijibu: "Mimi peke yangu."

"Na mama yako?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na mimi?"

"Hapana, Mwalimu."

Nilisikia hiyo kila jioni, mpaka nikajikuta najibu nikiwa kwa mashine yangu. Na aliongeza kwamba ukiona mtu anakulazimisha, usibishane naye. Fungua simu, toa laini, ivunje. Afadhali laini ife.

Lakini haya, sikia upande wa pili. Unapofungua akaunti, unaulizwa nambari ya simu ya kukusaidia siku utakaposahau pasiwadi. Wazee wengi hawakuwa na simu. Vijana walikuwa wakibadilisha laini kama soksi, kila kampuni ikija na bei mpya wanahama. Wasichana waliokuwa wakienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, laini zao za hapa zingekufa kabla ya mwaka. Basi Mwalimu akawaambia, weka yangu. Mimi sihami, sibadilishi laini, nambari yangu imeandikwa kwa mlango kwa rangi. Na ikawa hivyo. Nusu ya mtaa wa Skuta, na wengine mpaka Sagana waliokuja kwa sifa zake, milango yao yote ilifunguka kwa ile mulika mwizi moja. Ukisahau, unapanda ngazi, unanawa mikono, anakuhoji: jina, kijiji, ng'ombe wenu anaitwaje, nani alikubatiza. Akiridhika, anakusomea nambari. Asiporidhika, hupati. Mtu akimtuma ndugu yake amchukulie, alikuwa na jibu moja tu, mwenye nambari aje mwenyewe. Kuna baba alikuja kumchukulia bintiye aliyekuwa amelazwa, akafukuzwa na rula. Tulimsifu. Tulisema hakuna benki yenye ulinzi kama huo.

Ni fundi mmoja wa viatu, mtu wa mzaha, aliyeuliza swali ambalo sisi wengine tulipaswa kuuliza. Mwalimu alipofika pale pa "na mimi?", na watu wakajibu hapana, yeye aliinua mkono akasema, lakini wewe si unazo zote? Na wewe ukituibia je? Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Niliwaona kwa mlango, alikuwa ameshika rula hewani na hajui pa kuiweka. Alikwenda akaketi nyuma ya meza yake, akafunika mashine moja ambayo tayari ilikuwa imefunikwa, na hakufundisha tena siku hiyo. Fundi aliomba msamaha kesho yake. Alinawa mikono bila kuambiwa. Mwalimu alimpokea, lakini lile swali liliingia mahali ndani yake likakaa. Na bado hakubadilisha kitu. Aliendelea kusema weka yangu.

Nyokabi pia aliweka ya Mwalimu. Mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma ya kiti chake siku hiyo ya mwisho mwisho kabla ya kusafiri kwenda Uarabuni. Mwalimu alimfungulia akaunti, akamwonyesha jinsi ya kuweka picha na sauti kwenye wingu, akamwambia asiogope, akirudi atakuta kila kitu kwenye rafu. Nyokabi alikuwa na mtoto wa kike, Shiru, aliyekuwa hajaanza shule. Alimwacha kwangu, mimi Tata wake, dada ya mama.

Kule alikoenda, madam alimruhusu kupiga simu Ijumaa tu, na madam akiwa amesimama pale. Unasema salamu, unauliza mtoto anakula, basi. Lakini Ijumaa moja alizungumza haraka haraka kwa Kikuyu, akaniambia kwamba kila akienda kulala anamrekodia Shiru hadithi. Hadithi za mama yetu, zile za zimwi na msichana wa kuteka maji, na nyimbo, na maneno yake mwenyewe. Simu ikishika intaneti ya ile nyumba inazipeleka wingu yenyewe. Nilimwambia azitume basi, mtoto asikie. Akakataa. Alisema Shiru akisikia sauti bila mtu atalia. "Nitarudi nimbebe," aliniambia, "halafu tusikize zote tukiwa pamoja."

Alirudi ndani ya sanduku. Karatasi ilisema ni moyo. Moyo wa mwanamke aliyekuwa akipanda kilima cha kwetu na debe la maji mgongoni bila kusimama. Walituletea begi la nguo, na simu haikuwemo. Nasema walituletea kwa sababu sijui niwaite nani, watu wale walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa ametumwa na mwingine. Wakala aliyempeleka alituambia simu inakuja. Tukangoja. Mama alikataza mtu yeyote asiguse mambo ya marehemu mpaka simu ije. Mwalimu alikuja mazishini, akasimama nyuma na koti lake la kijivu, na alipofika kaburini kutupa udongo nilimwona akiuangalia mkono wake baadaye, akitafuta maji.

Simu haikuja. Wakala naye akaacha kushika simu zetu.

Wakati huo saiba ilikuwa inakufa. Kila mtu alikuwa na simu ya kioo, na aliyejifunza kwa Mwalimu kuandika jina lake sasa alikuwa akifanya kila kitu kitandani. Hawakupanda ngazi tena. Wengine walipita chini pale wakizungumza na watoto wao walioko ng'ambo, uso kwa uso, na hawakuinua macho kusalimia dirisha lililowafundisha. Shukrani ya punda ni mateke, na sisi watu wa mlimani tunajua kupiga mateke huku tumevaa nguo za kanisa. Ubao ulibaki na neno moja wiki nyingi. Siku nyingine nilimsikia akifundisha na nikajua hakuna mtu mle ndani. Halafu alianza kuniuliza saa ile ile swali lile lile. Aliniita Mama Sweta miaka yote, kisha akawa anasita kabla ya kuniita. Ndugu yake alikuja na pikapu, akabeba mashine na vitambaa na yeye, akampeleka kwake Kiganjo. Beseni lilibaki mlangoni. Mimi ndiye niliyelichukua.

Shiru alipojua kusoma, akaanza kuniuliza mama yake alikuwa anaongea vipi. Si alikuwa anafanana vipi, picha tunazo. Anaongea vipi. Nilijaribu kumwigizia nikaona aibu. Mama yetu mwenyewe akasema basi, tosha, fungueni hiyo kitu.

Pasiwadi niliijua, Nyokabi aliniachia. Nilienda kwa kijana mmoja mwenye saiba mpya karibu na stendi, akaiingiza, mashine ikafikiri.

"Mathe, pasiwadi iko sawa," akaniambia, "lakini inataka code. Imetuma kwa namba inaisha na sifuri sifuri. Hiyo ni yako?"

Haikuwa yangu. Ilikuwa ile ya mlangoni, ya rangi nyekundu, ambayo mtoto yeyote wa mjini angeweza kukutajia.

Nilimpigia mke wa ndugu yake, mwanamke mpole anayefuga kuku. Akaniambia laini bado inafanya kazi na simu Mwalimu hamwachii mtu, analala nayo ndani ya blauzi. Nikamuuliza yuko aje. Akasema siku nyingine anajua, siku nyingine hajui. Nilikumbuka meza na ghala. Nikajiambia, ghala lipo, ni meza tu inayopanguswa. Nikamwambia Shiru asubuhi hiyo kwamba naenda kumchukulia sauti ya mama yake. Nilimwambia wazi hivyo. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta niliyomfumia mwenyewe, ya rangi ya damu ya mzee, viwiko vimeisha. Kutoka upande wa chuo cha polisi makuruta walikuwa wakikimbia wakiimba. Nilimpa mkono. Aliuangalia, akaugeuza.

"Umenawa mikono?"

Moyo wangu ulifurahi, sitadanganya. Nilienda kwenye bomba nikanawa kama sijawahi kunawa, mpaka kwenye kiwiko, nikarudi nikamwonyesha. Akaniambia niketi. Nikamweleza yote polepole: Nyokabi, Shiru, hadithi, wingu. Alikuwa akitikisa kichwa pale pale panapostahili. Nikashika simu yangu, nikabonyeza itume nambari, na kifuani pake ile mulika mwizi ikalia.

Aliitoa. Aliivuta mbali na macho kama kawaida yake, akasoma midomo ikicheza. Alikuwa nayo. Nambari ya mdogo wangu ilikuwa pale kwenye kiganja cha mtu niliyeishi naye ukuta kwa ukuta.

"Nisomee, Mwalimu."

Aliibana simu kifuani. "Hii ni ya nani?"

"Ya Nyokabi. Dada yangu. Wewe ndiye ulimfungulia."

"Nyokabi wa kucheka cheka?"

"Huyo."

Nilimwona akimtafuta ndani ya kichwa chake, na nilimwona akimpata. Uso ulifunguka kabisa.

"Basi akuje mwenyewe."

Nikamwambia Nyokabi alikufa. Nikamwambia ulikuja kwa mazishi, ulisimama nyuma, ulitupa udongo. Alinisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza watu wenye hadithi ndefu pale mlangoni, na nilijua uso huo. Ulikuwa uso wa asiyeridhika.

"Hata kama," akasema. "Akuje mwenyewe."

Nilipiga magoti. Mimi, mwanamke wa umri wangu, juu ya mavi ya kuku. Nikamtajia jina la ng'ombe wetu, nikamtajia aliyetubatiza, nikamtajia vyote alivyokuwa akiuliza. Mke wa ndugu yake akaona muda wa nambari unaisha, akanyoosha mkono aichukue simu kwa upole. Hapo ndipo tulipoharibu. Mwalimu aliona watu wawili wakimlazimisha.

Alifungua ile simu kwa ukucha, haraka, vidole vya mpiga taipu havikuwa vimesahau kitu. Betri ikaanguka. Akatoa laini, akaiweka katikati ya meno, akaivunja. Kisha akaitema mkononi mwangu, vipande viwili, na akatutazama akiwa ametulia kabisa, hata alikuwa mzuri, kama alivyokuwa siku za darasa likijaa.

"Sasa hata mimi siwezi kuwaibia," akasema.

Hakuna wa kumkasirikia, ndugu zangu, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mtu mbaya ningelala. Alitufundisha kitu kimoja cha kweli, akakivunja kwa wema, akatuwekea funguo zetu zote kwenye blauzi moja, na siku nilipozihitaji ndiyo siku alipokumbuka alichofundisha. Wiki iliyofuata ndugu yake alimpeleka kwenye duka la laini ili irudishwe, na mimi nilikuwepo. Kijana wa pale alimuuliza kwa adabu kama ni yeye mwenyewe anaomba nambari yake irudi. Mwalimu alisema hapana. Alisema waziwazi, mara mbili, na kijana wa watu angefanya nini?

Lakini ile siku ya kwanza, nilipotoka Kiganjo, Shiru alikuwa ananingoja langoni na vifaa vya masikioni vya jirani alivyoazima. Aliniangalia mikono kwanza. Akaniuliza kama hadithi zimepotea.

Nikamwambia hapana, hazijapotea, ziko wingu. Nikamgeuza mabega, nikamwonyesha upande wa Mlima, kama nilivyosikia ikifanywa ng'ambo ya ukuta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya jirani.

"Uko pale," nikamwambia.

Mtoto aliangalia kwa muda mrefu, kwa imani, macho ameyakunja.

"Tata, siuoni," akasema.

Hata mimi sikuuona.